Kaskazi au kusi: lini uende Paje na kaiti yako

Rafiki yangu wa Dar es Salaam alipata chumba Paje kwa nusu bei mwezi wa nne, akavuka. Alikaa siku sita. Baharini aliingia mara moja tu, saa moja na robo, kisha upepo ukakata na mvua ya masika ikashuka. Siku tano zilizobaki alicheza bao na vijana wa pwani, akafungwa zote. Aliporudi akaniuliza kwa uchungu: sasa mtu aende lini?

Jibu fupi analijua kila mvuvi: nenda na kaskazi au nenda na kusi, usiende katikati. Lakini jibu hilo linamwacha mtu njia panda. Likizo ni moja, pesa ni moja, achague ipi? Nitazilinganisha pepo hizi mbili hapohapo Paje, mashariki ya Unguja. Mwenye kwenda Bwejuu au Jambiani atumie haya haya, kwani ni mwamba mmoja na maji mamoja.

Kwanza tukubaliane kuhusu neno. Tiara au kishada ni kitu cha watoto, karatasi na njiti. Hiki ninachokisema ni kitambaa cha mita za mraba 9 hadi 12 kinachomvuta mtu mzima juu ya ubao, na vijana wa Paje hukiita kaiti. Nami nitawafuata.

Ufukwe wenyewe

Paje inatazama mashariki. Simama mchangani, uso baharini: kushoto kwako ni Bwejuu, kulia ni Jambiani. Mbele, kilomita moja u ushei, utaona mstari mweupe usiokatika. Huo ni mwamba, na mawimbi ya bahari kuu yanavunjikia pale. Kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi, chini mchanga mweupe, na mahali pengi mtu mzima anasimama. Kwa ajili ya bwawa hilo la asili watu hutoka Ulaya kuja kujifunza kaiti hapa.

Kaskazi inakuja kwa kushoto na kukusukuma upande wa Jambiani. Kusi inakuja kwa kulia na kukusukuma upande wa Bwejuu. Zote mbili huingia kwa ubavu, na zote mbili hukurudisha kidogo kuelekea nchi kavu. Mtu akikatikiwa kamba au akichoka, atatokea mchangani, hata kama ni mbali na kwa aibu. Kwa usalama huo pepo hizi ni sawa. Tofauti zinaanzia kwenye saa.

Kaskazi: upepo wa mchana

Kaskazi huanza kuonja katikati ya Desemba, ikashika Januari na Februari, na Machi huanza kulegea. Inatoka mbali. Bara la Asia linapopoa kwa baridi yao, hewa nzito hushuka kuja kusini, huvuka Bahari ya Arabuni na kutufikia sisi ikiwa kavu. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Oman na Ghuba. Kwa mpanda kaiti maana yake ni jua kali, mvua chache, na maji ya joto kama ya kuoga: mwezi Machi bahari hufika nyuzi 29.

Tabia yake kubwa ni kuchelewa kuamka. Asubuhi ya Januari mara nyingi bahari imetulia kama mafuta kwenye sufuria. Jua likishapasha nchi kavu, hewa ya baharini huvutwa ndani na kuipa kaskazi nguvu ya ziada. Saa 6 mchana majani ya minazi yanaanza kuzungumza, saa 8 anga imejaa rangi, na mchezo unaendelea hadi karibu na magharibi. Kwa hiyo asubuhi yako ni ya kulala, kuogelea au kwenda Jozani kuwaona kima punju. Wapo wanaolipenda hilo. Wapo wanaokaa wakitazama saa kama abiria wa stendi.

Nguvu yake ya kawaida ni noti 12 hadi 18, na siku nzuri hufika 20. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Hesabu hiyo uwe nayo kichwani, kwa sababu wapanda kaiti huzungumza kwa noti na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kwa kilomita. Ukisikia redioni angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, hiyo ni noti 21 na kitu. Mwenye ngalawa anasikia angalizo la kubaki nyumbani. Mpanda kaiti mzoefu, akiwa ndani ya mwamba, anasikia mwaliko wa harusi. Nasema ndani ya mwamba. Nje ni habari nyingine, nitaifikia.

Kusi: upepo wa kutwa

Kusi hufika pamoja na masika, lakini Aprili na Mei ni kusi yenye hasira: mvua, wingu, upepo wa kuruka na kuzima. Kuanzia Juni hutulia ikawa ya kutegemewa, Julai na Agosti ikawa katika nguvu zake, Septemba ikawa inaondoka kwa adabu. Inaanzia kwenye hewa nzito ya kusini ya Bahari ya Hindi, huko upande wa visiwa vya Mascarene, huvuka maji mengi bila kukutana na kizuizi ila Madagaska, kisha hupinda ikivuka ikweta na kwenda kuwapelekea Wahindi mvua yao.

Upepo huu haungoji jua. Unaweza kuusikia usiku ukipiga makuti, na saa 3 asubuhi tayari kaiti ziko juu. Kwa kawaida una noti 15 hadi 20, na siku nyingi hupita hapo. Mtu wa kilo 75 ambaye Januari alikuwa na kaiti ya mita 12 mkononi karibu kila siku, Julai atajikuta akiifunga na kutafuta ya mita 9.

Kasoro yake ni mawingu. Katikati ya Julai wingu moja jeusi linaweza kutokea upande wa Jambiani likiburuta pazia la mvua. Mbele ya pazia hilo upepo huruka ghafla, noti 17 zinakuwa 25 kwa dakika tano, kisha wingu likishapita upepo unakufa na kaiti inaanguka majini kama khanga iliyolowa. Mzoefu anaangalia kulia mara kwa mara. Mwanafunzi anaangalia miguu yake tu, na kwa sababu hiyo mwalimu wa kusi anachoka kuliko mwalimu wa kaskazi.

Halafu kuna baridi. Ndiyo, Unguja kuna baridi, uliza mtu yeyote aliyelala Paje wakati wa kipupwe bila shuka ya pili. Maji hushuka mpaka nyuzi 25 hivi. Kwa Mzungu ni joto la kuogelea, ila ukikaa saa tatu ukiwa umelowa, na upepo hauachi kukupuliza, meno yatagongana. Fulana ya kubana yenye mikono mirefu si anasa.

Maji yanaamua kama upepo

Wageni wengi hupotea hapa, na wenyeji hawawaambii kwa kudhani kila mtu anajua.

Wazee wa pwani walikuwa na kalenda mbili. Moja ilifuata jua: mwaka ulianza Nairuzi, siku ambayo Makunduchi bado huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai, na siku zikahesabiwa kumi kumi, kila kumi ikaitwa mwongo. Nahodha aliyetaka kujua upepo alihesabu miongo. Ya pili ni ya mwezi, hii ya Kiislamu. Kwa upepo haifai, kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Kwa maji haina mpinzani. Anayekata tiketi kwa kusikia tu kwamba Januari ni msimu ametumia kalenda moja kati ya mbili.

Tazama inavyofanya kazi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili hukaribia mita 4 katika bamvua kubwa, hasa zile za Machi na Septemba. Katikati ya vipindi hivyo, kwenye tarehe 8 na 22 hivi za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu: tofauti inashuka hadi mita moja na kitu.

Hayo yako kila mahali pwani. Lakini kuna zawadi ya ziada ambayo wachache huitumia: kila pwani bamvua ina saa zake. Hapa bamvua hujaa saa zilezile siku zote: maji makuu ni saa 10 hadi 11 alasiri na alfajiri, maji makavu ni saa 4 hadi 5 asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume: yanajaa saa 4 hadi 5 asubuhi, yanapwa saa 10 hadi 11 jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi, unajua maji yako wapi bila kufungua simu.

Sasa weka hayo juu ya upepo.

Kaskazi na bamvua: upepo unafika kileleni wakati maji nayo yanafika kileleni. Bwawa limejaa, mawimbi madogo yanaruka juu ya mwamba na kuingia, uso wa maji una matuta, na ufukwe umebaki ukanda mwembamba kati ya maji na kuta za hoteli. Kurusha kaiti kwenye ukanda huo, na upepo unakusukuma kuelekea minazi, si mahali pa mwanafunzi. Mzoefu anayependa kuruka atafurahi. Wewe wa siku ya pili utakunywa maji ya chumvi.

Kaskazi na maji mafu: upepo wa alasiri unakutana na maji yanayopungua taratibu, na hata yakipwa kabisa hayakauki, yanabaki ya kiuno au mapaja. Uso umelainika, chini unagusa, ufukwe ni mpana. Kama kuna siku za kujifunzia kaiti katika Bahari ya Hindi, ni hizi.

Kusi na bamvua: upepo uko tayari asubuhi, maji hayapo. Saa 4 asubuhi bwawa limekuwa uwanja wa mchanga wenye vidimbwi, na unatembea karibu hadi mwambani kutafuta maji ya kuelea ubao. Vaa viatu vya majini, kuna viumbe vya miiba mirefu myeusi kwenye mawe na hawana msamaha. Ukifika huko mbele, hata hivyo, unapata maji bapa kama sahani na mwamba umezuia kila wimbi. Kuna wataalamu wa mitindo ya kuruka wanaokuja Agosti kwa ajili hiyo tu.

Kusi na maji mafu: asubuhi maji yamejaa kiasi, hayajafika pabaya, na upepo upo kutwa. Hutapata uzuri wa kupita kiasi wala ubaya wa kupita kiasi. Kwa mwanafunzi aliyebanwa na likizo ya Julai ningesema aje siku hizi, au zile za tarehe 4 hadi 6 ya mwezi, maji yanapopwa katikati ya mchana na kupwa kwake si kwa kukomba.

Ndiyo kusema tofauti kati ya wiki mbili za Januari moja inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya Januari na Julai. Nimewaona watu waliorudi kwao wakisema kaskazi ya Paje ni ya fujo, kumbe walikuja na mwezi mpevu.

Nje ya mwamba

Kwa anayetaka mawimbi ya kweli, ya kupanda, si matuta ya bwawani, kila kitu kinabadilika.

Kuna mkondo wa bahari unaopita nje ya visiwa vyetu kuelekea kaskazini mwaka mzima, hauachi. Wakati wa kusi upepo na mkondo vinakwenda njia moja, na mkondo unaweza kufika noti 4, kasi ya mtu anayetembea kwa haraka kuelekea Kenya. Wakati wa kaskazi mkondo unapungua sana lakini haugeuki hapa kwetu, kwa hiyo unakwenda kinyume na upepo. Kila nahodha anajua upepo ukigombana na mkondo bahari inafanya nini: mawimbi yanasimama, mafupi, makali, yamekaribiana. Kwa hiyo usije ukadhani kaskazi kwa kuwa ni dhaifu zaidi basi nje ni shwari.

Mawimbi makubwa na yenye nafasi ni ya kusi. Yanazaliwa mbali kusini, na ingawa Madagaska huyapunguza, yanayofika yana uzito. Kaskazi huleta mawimbi ya upepo, ya karibu karibu, yasiyo na umbo. Mwenye kaiti na uzoefu achague kusi bila kusita, aende mwambani maji yakiwa nusu: yakipwa mwamba unatokeza meno, yakijaa wimbi linapita juu bila kuvunjika. Na hapa tena mwezi unaingia. Siku ya bamvua nusu hiyo hudumu muda mfupi, maji yanashuka mita 4 kwa saa 6. Siku ya maji mafu una saa nyingi za kucheza.

Mwenye ubao mtupu, bila kaiti, ana shida ya peke yake. Kusi ina mawimbi ila upepo wenyewe unayachana kabla hayajapendeza. Kaskazi asubuhi haina upepo, nayo mawimbi ni ya kuhesabu kwa bahati. Mimi ningemwambia aangalie mwisho wa Septemba na Oktoba, upepo ukiwa umechoka na mawimbi ya mbali bado yanaingia, akubaliane na mwenye ngalawa ampeleke na amsubiri. Kusubiriwa ndiyo sehemu muhimu ya makubaliano. Maji yanapokupwa hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba, na mtu aliyechoka hawezi kupiga mikono dhidi yake.

Na kama ni mawimbi tu anayoyataka, bila kujali kaiti, pengine Paje si pake. Ghuba ya Malindi huko Kenya, karibu na mlango wa mto Sabaki, haina mwamba wa kuifunga kama hapa, na mawimbi ya kusi hufika hadi mchangani. Maji yake huwa ya udongo mto ukifurika, hilo avumilie. Diani, kwa upande mwingine, ni ndugu wa Paje: mwamba, bwawa, pepo zilezile. Mkenya wa Mombasa hana sababu ya kuvuka mpaka, labda kwa pweza wa nazi tu.

Katikati ya pepo: tanga mbili

Kuna miezi ambayo si ya huyu wala ya yule. Wazee waliiita tanga mbili, wengine maleleji: kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi mwanzo wa Desemba.

Somo bora la miezi hii alilipata Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi changa nyuma yake na rubani aliyeijua njia, akafika pwani ya India kwa wiki nne kasoro. Kurudi hakutaka kusubiri. Akang'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi bado haijafika, akazunguka katikati ya bahari karibu miezi mitatu, mabaharia wakafa kwa kiseyeye, na akaiona tena Malindi tarehe 7 Januari 1499. Njia ni ileile. Wewe ukija Oktoba hutapata kiseyeye, lakini kaiti yako itakaa mchangani kama merikebu zake zilivyokaa bila upepo.

Tanga mbili ya Aprili ina jambo la ziada. Vimbunga ni adimu kwetu, lakini vilivyokuja vilichagua msimu huohuo. Dhoruba iliyong'oa mikarafuu ya Unguja ilipiga Aprili 1872. Kimbunga kilichoipiga Lindi ni cha Aprili 1952. Jobo kilitukaribia Aprili 2021 na kufifia, na Hidaya kiligusa Mafia tarehe 4 Mei 2024. Chumba cha nusu bei kina sababu zake.

Mwani na wenye mwani

Bwawa la Paje ni shamba. Kilimo cha mwani cha biashara Zanzibar kilianzia hapa na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mashamba ni vijiti vilivyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa kati yake. Maji yakijaa huvioni. Pezi la ubao wako likipita juu ya kamba linakata jasho la wiki sita, na kijiti nacho kinaweza kukutoboa.

Kwa kulinganisha: bamvua ya asubuhi, msimu wowote, ndiyo saa ya kazi yao, kwa sababu maji makavu ya saa 4 yanawaruhusu kufika shambani kwa miguu. Katika kusi hapo hapo ndipo upepo uko juu na wewe unataka kupita. Katika kaskazi wewe bado unakunywa chai, mkutano haupo. Upande huo kaskazi ina amani zaidi. Kwa upande wa mwani wenyewe, joto la kaskazi huudhoofisha, na mawimbi ya kusi huung'oa na kuuleta ufukweni kwa mafungu, ambayo hujizungushia kwenye kamba za kaiti. Uliza mashamba yako wapi kabla hujarusha. Muulize mama mwenyewe, kwa salamu kamili, Shikamoo mama, habari za asubuhi, poleni na kazi. Atakuonyesha kwa mkono mstari ambao ramani ya hoteli haina.

Kufika, kulala, kulipa

Boti ya kutoka Dar es Salaam wakati wa kaskazi huwa ya kuvumilika, na asubuhi zaidi kuliko alasiri. Wakati wa kusi mlango wa bahari kati ya Unguja na bara unachafuka, na mwenye tumbo jepesi akae nyuma na chini, asile chapati mbili kabla ya safari. Si mzaha mtupu: MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, bahari ikiwa imechafuka. Chombo kikiahirisha safari, usigombane na mkata tiketi.

Kutoka mjini, daladala za Jambiani na Bwejuu zote zinakupitisha Paje. Mkoba wa kaiti utalipiwa nafasi ya mtu, patana mapema.

Misongamano ipo misimu yote miwili, mwisho wa Desemba na wiki ya kwanza ya Januari, na tena Julai na Agosti shule za Ulaya zinapofunga. Bwawa hujaa kamba mpaka mtu anaogopa kugeuka. Nafasi mbili zilizo bora kwa mfuko wa Mtanzania ni nusu ya pili ya Februari na Septemba nzima: upepo bado upo, wageni wamepungua, mwenye nyumba anapokea simu. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari, kwa hiyo mchana migahawa ya kijijini imefungwa na hutakula hadharani. Masomo yanaendelea kama kawaida, na futari za Paje zinafidia.

Basi nani aende lini

Anayeanza kabisa: kaskazi, Januari au Februari, siku tano zinazozunguka tarehe 8 au 22 za mwezi wa Kiislamu. Maji ya joto, upepo wa wastani, uso laini alasiri. Atapoteza asubuhi zake, lakini atajifunza kusimama bila kupigwa.

Anayejua kusimama ila bado hajui kwenda joshi, yaani kupanda dhidi ya upepo na kurudi alipotokea: huyu wengi wangemwambia kaskazi tena. Mimi namwambia kusi ya Septemba. Anahitaji saa nyingi majini kuliko anavyohitaji upole, na kusi inampa kutwa nzima. Siku mbili za kwanza atatembea kutoka Bwejuu na ubao begani. Siku ya tatu atatembea nusu.

Mzoefu wa kuruka: kusi, Julai au Agosti, bamvua, asubuhi, mbele karibu na mwamba. Kaiti mbili, mita 9 na 12. Ile ya 12 inaweza isifunguliwe.

Mpanda mawimbi mwenye kaiti: kusi, maji mafu, maji nusu, na mwenzake majini. Peke yake asitoke nje ya mwamba.

Rafiki yangu wa bao alirudi Februari iliyofuata. Nilimwambia ahesabu mwezi kabla ya kukata tiketi, akahesabu vibaya, akaangukia bamvua. Safari hii alinyanyuka kwenye ubao mara nne na kunywa bahari mara kumi na tano. Ameshakata tena, tarehe 6 hadi 11, na kalenda ya msikitini kwao ameipiga picha.